Bakteria wa Udongo na Mabaki ya Dawa za Magugu: Mazungumzo kwa Wakulima wa Korbesa



Kuna jambo linaloweza kutokea katika mashamba ya kandokando ya Ewaso Ng'iro, na likitokea hupewa majina mengi. Mkulima amevuna mahindi. Mahindi yale aliyapulizia dawa ya magugu, na dawa ilifanya kazi: palizi ilipungua, na vijana ambao wangeshika jembe wakabaki na mifugo. Msimu unaofuata anahamia vitunguu au nyanya, maana sokoni Isiolo bei ni nzuri. Miche inatoka vizuri, inasimama, kisha majani yanaanza kugeuka manjano kutoka kingoni, yanakauka, na baada ya wiki tatu shamba limebaki na madoa matupu. Mwenye shamba analaumu mbegu. Jirani anasema ni magadi. Dukani anauziwa dawa ya ukungu. Huenda mmoja wao amesema kweli, kwa sababu mbegu mbovu zipo, magadi yapo na ukungu upo. Lakini yuko mshukiwa wa nne ambaye hatajwi sana, naye ni ile dawa ya magugu ya msimu uliopita, ambayo bado imo udongoni.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mshukiwa huyo, pamoja na viumbe wanaoweza kummaliza. Viumbe hao ni bakteria. Hawaonekani kwa macho, lakini gramu moja tu ya udongo wenye afya, kiasi cha kubanwa kwa ncha za vidole viwili, huwa na mamilioni kwa mamilioni yao. Wengi hawana habari na dawa. Wachache wanaijua, na hao wachache wanaila.

Kwanza ni vizuri kukubaliana kwamba "dawa ya magugu" si kitu kimoja. Kwenye chupa kuna jina kubwa la biashara, na chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la kemikali yenyewe. Hilo dogo ndilo la kusoma. Maduka mawili yanaweza kuuza chupa za rangi tofauti zenye kemikali ile ile, na mkulima akadhani amebadilisha dawa.

Glaifoseti, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi duniani na iliingia sokoni mwaka 1974, hunyunyiziwa kwenye majani ya magugu. Ikigusa udongo hushikamana na chembe za mfinyanzi, kwa hiyo kwa kawaida haiungui mmea unaopandwa baadaye. Bakteria huivunja, wakati mwingine kwa siku chache, wakati mwingine kwa miezi, na katika kuivunja hubaki kitu kingine kinachoitwa AMPA ambacho hukawia zaidi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Wadhibiti wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya hawakukubaliana na uamuzi huo, na ubishi haujaisha. Mkulima hahitaji kungoja uishe ndipo avae glavu na viatu vya mpira.

2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha nafaka. Hii haikai sana. Katika udongo wenye unyevu na joto, bakteria hupunguza nusu yake kwa wiki moja au mbili hivi.

Parakwati ni habari nyingine. Inang'ang'ania chembe za mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba bakteria hawawezi kuifikia, na inaweza kukaa humo miaka. Mmea hauipati kwa urahisi, lakini binadamu anayeimeza, hata kwa bahati mbaya, hata funda moja, huwa katika hatari kubwa ya kufa, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Chupa yake haifai kukaa nyumba moja na watoto.

Iliyobaki ni atrazini, na hiyo ndiyo inayoingia katika kisa cha vitunguu. Atrazini ni dawa ya mahindi, mtama na miwa. Imetengenezwa ili ikae udongoni, iingie kwa mizizi na kuua magugu yanayochipua wiki baada ya wiki. Mahindi hayafi kwa sababu yana uwezo wa kuivunja ndani ya mwili wake. Kitunguu hakina uwezo huo, wala nyanya, wala maharagwe, wala sukuma wiki. Kwa kawaida vitabu vya kilimo husema nusu ya atrazini hupotea kwa takriban siku 60. Neno la kuangalia hapo ni "kwa kawaida", maana udongo uliopimwa na waandishi wa vitabu hivyo mara nyingi ni wa nchi zenye mvua.

Jambo la kwamba udongo wenyewe hula dawa liligunduliwa mapema. Mwaka 1949 mtaalamu wa mimea mjini London, L. J. Audus, alipitisha maji yenye 2,4-D kwenye udongo uleule, mara kwa mara, huku akipima sumu iliyobaki kwa kuangalia jinsi mizizi ya miche midogo inavyokua. Mwanzoni dawa haikupungua kwa kasi. Halafu ghafla ikaanza kuisha. Alipoongeza dawa mara ya pili, iliisha bila kukawia kabisa. Udongo ulikuwa umejifunza. Kilichotokea ni kwamba bakteria wachache walioweza kuila walikuwa wamezaana, wakawa wengi.

Kwa atrazini kazi ilikuwa ngumu zaidi. Dawa hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu wataalamu waliiona kama kitu ambacho vijidudu hukitafuna polepole mno. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitangaza bakteria waliyempata katika udongo wa mahali palipomwagikiwa na dawa za magugu. Alikuwa wa kundi la Pseudomonas, wakampa jina la ADP. Bakteria huyo hutumia atrazini kama chakula cha naitrojeni. Kwanza huing'oa klorini, na hapo hapo dawa hupoteza makali yake ya kuua mmea. Kisha hukata mikono yake miwili ya pembeni. Mwisho hufungua pete ya katikati, na kinachobaki ni hewa ya kaboni na amonia. Anafanya kama mchinjaji anayejua viungo: kila kisu kina mahali pake, na visu vyake, yaani vimeng'enya, ni sita. Maagizo ya kutengeneza visu hivyo yamo kwenye kipande kidogo cha urithi ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine. Ndiyo sababu ujuzi huu umeenea katika udongo wa nchi nyingi kwa muda mfupi.

Na umefika Kenya. Mwaka 2009 mtafiti Mkenya Zachary Getenga na wenzake wa Ujerumani walichapisha matokeo ya udongo uliochukuliwa kwenye shamba la miwa nchini. Kimaabara, udongo huo ulivunja takriban asilimia 90 ya atrazini iliyowekwa kwa siku 98, mpaka pete yenyewe ikageuka hewa. Humo walimtenga bakteria wa kundi la Arthrobacter, wakamwita GZK-1. Akiwa peke yake kwenye chupa ya maji yenye sukari kidogo, alimaliza karibu asilimia 88 ya dawa kwa siku 14. Hakuletwa na mtu kutoka nje. Aliishi katika udongo wa Kenya, chini ya miwa ya Kenya. Watafiti wa Kenya wamepata pia kwenye udongo wa miwa vijidudu vinavyovunja diuroni, dawa nyingine ya magugu inayokaa muda mrefu.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu habari ya namna hii ikifika sokoni hugeuka haraka. Ikisikika kwamba bakteria hula sumu, baada ya muda mfupi atatokea mtu na chupa ya bakteria, na bei yake. Mkulima wa Korbesa anastahili kujua ni nini kilicho kweli na ni nini cha kuuziwa.

Shamba la miwa na shamba la Korbesa ni vitu viwili. Miwa ya eneo lile hupata mvua sehemu kubwa ya mwaka, udongo haukauki kabisa, na dawa ileile imewekwa miaka mingi. Bakteria walaji wamepata muda wa kuzaana na maji ya kuishi. Korbesa, mvua za ganna zikiwa nzuri hunyesha kati ya Machi na Mei, hagaya kati ya Oktoba na Desemba, na kuna miaka ambayo hata moja haiji. Nyakati nyingine unyevu ni ule wa pampu na mfereji tu. Bakteria hali bila maji. Udongo ukikauka hafi papo hapo, lakini hujikunja akalala, na dawa hulala naye. Miezi mitano ya ukame baada ya mavuno si miezi mitano ya kazi. Mkulima anayehesabu tangu siku aliyopulizia anajidanganya. Ahesabu siku ambazo udongo ulikuwa na unyevu.

La pili ni magadi. Atrazini huvunjika polepole zaidi katika udongo wa magadi kuliko katika udongo wenye uchachu, kwa sababu ule uchachu wenyewe husaidia kuivunja hata bila bakteria. Mashamba yenye ukoko mweupe juu, kama yale ambako maji ya mfereji hukaa na kukaukia hapohapo, ndiyo yatakayoshika dawa kwa muda mrefu. Basi yule jirani aliyesema "ni magadi" huenda alikuwa na nusu ya ukweli: magadi hayakuua vitunguu, bali yaliihifadhi dawa iliyoviua.

La tatu ni kwamba mashamba mengi ya kandokando ya mto ni mapya, au dawa ni mpya kwake. Udongo ambao haujawahi kuonja atrazini una walaji wachache mno. Mara ya kwanza dawa hukaa muda mrefu kuliko mara ya tano. Kwa hiyo mkulima aliyeanza kutumia dawa mwaka jana asijipe moyo kwa kumtazama mwenzake wa miaka kumi.

Sasa, yule mwenye chupa. Kuhamisha bakteria kunawezekana, na kuna mahali kumefanya kazi. Huko Marekani, jimbo la South Dakota, dawa nyingi ya atrazini ilimwagika ardhini. Watafiti walitumia bakteria wa maabara waliopewa kimeng'enya cha kwanza kati ya vile sita, wakawaua kwanza ili wasienee, wakachanganya miili yao na udongo ule pamoja na fosfeti. Baada ya wiki 8, atrazini ilikuwa imepungua kwa asilimia 77. Lakini hiyo ilikuwa sehemu ndogo iliyochafuka vibaya, iliyozungukwa na wataalamu na vipimo, si ekari mbili za nyanya. Bakteria hai aliyetoka mahali pengine akimwagwa kwenye udongo mkavu wa magadi hupatwa na yale yanayompata ng'ombe wa maziwa aliyeletwa kutoka Meru na kuachwa Korbesa katikati ya kiangazi. Hajui malisho, wenyeji wamemzidi, na baada ya wiki chache hayupo. Pesa ya chupa imekwenda naye.

Chupa yoyote ya namna hiyo, kama vile dawa yenyewe, iulizwe usajili wake kutoka kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB. Isiyo na nambari ya usajili kwenye lebo isinunuliwe, hata kama anayeiuza ni ndugu.

Njia iliyo na faida zaidi ni kuwalisha na kuwanywesha bakteria walio tayari shambani. Na katika hilo Korbesa ina kitu ambacho wakulima wa sehemu nyingi hununua kwa lori, yaani samadi. Maboma yana marundo ya miaka. Samadi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia iliyokaa ikaiva, iliyogeuka nyeusi na kuacha harufu kali, huupa udongo kaboni ya kulisha bakteria wa kila aina, hushika unyevu, na yenyewe hunasa sehemu ya dawa isifike kwenye mizizi. Ichanganywe na udongo wa juu, kina cha shubiri moja, na mabua ya mahindi yaachwe juu yake kama kivuli badala ya kuchomwa. Udongo ulio wazi juani adhuhuri ni tanuri, na ulio chini ya mabua una nafasi.

Kuna tahadhari mbili za samadi, na zote ni muhimu. Ya kwanza: wale bakteria wa atrazini wanaitafuta dawa kwa ajili ya naitrojeni iliyomo. Baadhi yao wakipata naitrojeni nyingi na rahisi mahali pengine, kwa mfano urea au mbolea nyingine ya dukani iliyomwagwa kwa wingi, huiacha dawa. Basi wakati wa kungoja dawa iishe si wakati wa kumwaga urea. Ya pili inawahusu wafugaji. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana na vichaka kwenye malisho, kama pikloramu, klopiralidi na aminopiralidi, ambazo hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika na kutoka na kinyesi zikiwa bado na makali. Samadi ya mifugo iliyokula nyasi zilizopuliziwa dawa hizo inaweza kukunja nyanya na maharagwe. Jambo hili lizingatiwe hasa pale watu wanapozungumzia kuua mathenge kwa dawa. Anayetaka kupulizia mathenge aseme mapema ni dawa gani, na wenye mifugo wajue.

Dawa zilizopigiwa nzige mwaka 2020, ambazo wengi huziulizia, zilikuwa za kuua wadudu. Hizo zina mambo yake, na hazimo katika kisa cha vitunguu kukauka leo.

Mkulima atajuaje kama dawa imekwisha? Maabara za kupima mabaki zipo, KEPHIS wana ya kwao, lakini si kipimo cha kila shamba kila msimu. Kuna kipimo cha mikebe ambacho hakihitaji chochote cha kununua, nacho ni ndugu wa kile alichofanya Audus mwaka 1949. Udongo huchukuliwa sehemu kama tano au sita za shamba, kuanzia juu hadi kina cha shubiri, ukachanganywa na kutiwa kwenye mikebe mitatu iliyotobolewa chini. Mikebe mingine mitatu hutiwa udongo wa aina ileile uliotoka mahali ambapo dawa haijawahi kufika, kwa mfano chini ya ua au kando ya shamba upande wa juu wa maji. Hapo watu hukosea: udongo wa kulinganisha ukiwa wa kichanga na wa shamba ni mfinyanzi mweusi, kipimo hakina maana. Mbegu za mmea ule unaokusudiwa kupandwa hutiwa kumi kwa kila mkebe, zikamwagiwa maji sawasawa na kuwekwa mahali pamoja penye mwanga.

Kisha kinachohitajika ni subira. Atrazini haizuii mbegu kuota. Huziba kazi ya jani ya kutumia mwanga wa jua, na mche huishi siku za kwanza kwa chakula kilichomo ndani ya mbegu. Ndiyo sababu mkulima huona vitunguu vimetoka akafurahi mapema. Mikebe iachwe wiki tatu. Kama miche ya shambani imekuwa manjano kingoni na kukauka, na ile mingine iko sawa, jibu limepatikana. Kama yote sita imekuwa dhaifu, basi mbegu ndizo za kuulizwa. Na kama yote sita iko vizuri, hiyo ni habari njema, ingawa mbegu chache kwenye mkebe haziwezi kusemea kila kona ya ekari. Pale ambapo pampu ya mgongoni hugeuzwa mwisho wa mstari, dawa huangukia mara mbili, na kona hizo zipimwe peke yake.

Mikebe ikisema dawa bado ipo, mkulima ana njia mbili, na si lazima achague ile ya bakteria.

Njia moja ni kupiga maji shamba tupu, mara moja, kisha tena kabla halijakauka kabisa, likiwa na samadi na mabua, na kungoja wiki kadhaa kabla ya kupima mikebe tena. Kwa joto la Korbesa, udongo wenye unyevu ni mahali pazuri sana kwa bakteria, pazuri kuliko nchi baridi. Lakini maji hayo yana bei. Ni petroli ya pampu, na ni maji ya mto ambao mifugo ya walio chini pia inautegemea. Wakati mto umepungua mpaka watu wanachimba visima mchangani, kumwagilia shamba lisilo na kitu ni jambo ambalo wazee wana haki ya kulikataa. Shamba lisigeuzwe bwawa pia, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna.

Njia ya pili ni nyepesi: shamba lile lirudishiwe mahindi au mtama, ambavyo atrazini haivisumbui, na vitunguu vihamishiwe kipande kingine. Msimu huo usipuliziwe atrazini tena. Mizizi hai yenyewe hulisha bakteria, maji ya mahindi ndiyo yatakayowaamsha, na mkulima amevuna kitu huku kazi ya kusafisha ikiendelea chini ya miguu yake. Kwa wengi wa Korbesa hii ndiyo njia ya busara. Anayetaka kuwapa mifugo mabua ya shamba lililopuliziwa asome lebo, kwa sababu huandikwa siku ngapi zipite kabla mnyama hajaingia.

Kuna jambo moja la kusema wazi juu ya udongo uliojifunza. Bakteria wakishakuwa wengi na hodari, huila dawa hata katika wiki ambazo mkulima bado anaihitaji. Huko kwenye dawa iliyotumika miaka mingi mfululizo, magugu huanza kurudi mapema, na mwenye shamba akidhani dawa ni bandia huongeza kipimo. Kuongeza kipimo hakumponyi, kunawalisha bakteria. Dawa zibadilishwe kwa jina lile dogo la kemikali, na jembe lirudi mahali pake.

Limebaki suala la maji, na hili halimhusu mwenye shamba peke yake. Ewaso Ng'iro huanza kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, hupita mashamba mengi ya juu, hufika hapa na kuendelea hadi Lorian. Ukichotwa kwa kunywa, haujali nani aliosha nini. Marekani hairuhusu zaidi ya sehemu 3 za atrazini katika kila sehemu bilioni moja za maji ya kunywa, na Ulaya mpaka wake ni 0.1. Kwa vipimo vya namna hiyo, kikombe kimoja cha dawa isiyochanganywa kikiingia mtoni wakati wa kiangazi ni kitu kikubwa. Na bakteria wa udongo hawawezi kufukuza dawa iliyokwisha kuingia kwenye maji yanayokwenda.

Mara nyingi uchafu mkubwa hautoki kwenye shamba lenyewe. Unatoka mahali ambapo pampu ya mgongoni hujazwa na kuoshwa, na watu hujaza na kuosha pale penye maji, yaani ukingoni, karibu na malka ambako ng'ombe hunywa. Matone ya kila siku huanguka palepale, na bakteria wa kipande kile kidogo huzidiwa.

Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1993, wakulima walianza kuchimba shimo maalumu kwa kazi hiyo. Ni la kina cha kama sentimita 60. Chini huwekwa tabaka la mfinyanzi ili maji yasipenye, kisha shimo hujazwa mchanganyiko wa majani makavu ya nafaka nusu, udongo robo, na mboji ya kinamasi robo, na juu hupandwa nyasi. Pampu hujazwa na kuoshwa juu ya shimo hilo. Majani makavu huwalisha kuvu na bakteria, nao huvunja kile kilichodondoka kabla hakijaenda popote. Nchi nyingine zimeiga kwa vitu vyao. Korbesa haina mboji ya kinamasi, lakini ina mabua ya mahindi, ina samadi iliyoiva, na ina mfinyanzi mweusi wa mtoni. Shimo moja kwa kikundi kimoja linatosha kuanzia. Juu yake liwekewe mabati au paa la makuti ili mvua isilifurishe, na kiangazi limwagiwe maji kidogo lisikauke, kwa sababu shimo kavu ni shimo tu. Mchanganyiko hushuka kadiri unavyooza, na kila mwaka huongezewa.

Lichimbwe mbali na kisima, mbali na boma, na juu ya mstari ambao maji ya mafuriko hufika. Wazee wanaokumbuka El Niño ya 1997 wanaujua mstari huo bila kupimiwa na mtu, na waulizwe wao kwanza kabla jembe halijagusa ardhi. Maji ya kuoshea yabebwe kwa mtungi mpaka kwenye shimo, si pampu kupelekwa mtoni. Chupa tupu ya dawa isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yarudishwe ndani ya pampu na kupuliziwa shambani, kisha chupa itobolewe. Chupa iliyotobolewa haiwezi kubeba maziwa.